UZI: Riwaya ya mapenzi kati ya familia ya Kihindi ya Kisumu na boma la Kano. Mgogoro utoke wapi?

Kalamu_ya_Kibuye:

Wadau, hamjambo. Uzi huu ni wa wanaoandika riwaya ya mapenzi ambayo upande mmoja ni familia ya Kihindi ya Kisumu na upande wa pili ni boma la Kijaluo la Kano, nje kidogo ya Kisumu. Miswada ya aina hii imekuwa mingi, na mingi inaharibikia mahali pamoja: baba mwenye duka anapewa roho mbaya, anapiga meza, anamfungia binti chumbani, halafu sura ya mwisho analainika ghafla. Hakuna kilichomkaza, hakuna kilichomlainisha. Msomaji wa hapa anawajua wazee hao, amenunua kwao misumari na mabati tangu utotoni. Hadanganyiki.

Ushauri wangu ni mmoja. Kila mzee katika hadithi awe anatimiza wajibu wa kweli, na wajibu huo ugongane na wa mzee wa upande wa pili. Mahali pazuri pa kuanzia ni mahari. Kwa Wajaluo mali hutoka kwa mume kwenda kwa kina mke: kuna ayie, pesa anazopewa mama wa binti kwa maana kwamba ameridhia, kisha keny, yaani ng'ombe. Bila hivyo, hata watu wakae miaka 20 na watoto watano, wazee watasema huyo bado hajaoa. Kwa Mhindu wa Kigujarati, kilele cha harusi ni kanyadaan. Baba anamtoa binti yake kama sadaka iliyo kubwa kuliko zote, na sadaka haipokelewi malipo. Akipokea kitu kwa ajili ya binti, mbele ya watu wake ni kama amemuuza.

Sasa kijana akileta ng'ombe amemvunjia heshima mkwewe. Asipoleta hata mmoja, amewavunjia heshima wazazi wake. Hapo hakuna mtu mbaya na hakuna mlango wa kutokea kwa urahisi. Mgogoro huo pekee unaweza kubeba sura sita au saba.

Tuufanyie kazi mchoro huu: Hetal, miaka 27, anashika hesabu za duka la familia la vifaa vya ujenzi barabara ya Oginga Odinga. Odhiambo, miaka 30, fundi mkuu wa mitambo ya maji, kwao ni Kano, nyuma ya Ahero. Mwaka ni 2018. Riwaya ya maneno 75,000 hivi, sura 30, zikipokezana kati ya msichana na mvulana. Wanaachana karibu na robo tatu ya kitabu, na mwisho wanapatana, maana riwaya ya mapenzi isiyowapatanisha inamwibia msomaji alichokuja kukitafuta.

Wenye ujuzi wa kila upande, karibuni mjaze na mkosoe.

BintiWaDukani:

Asante kwa kufungua, Kalamu. Kabla hata ya kanyadaan, mwandishi aamue ni Wahindi gani. "Muhindi" peke yake hatoshi kwa riwaya. Kisumu kuna Walohana na Wapatel, ambao ni Wahindu wa Kigujarati. Kuna Waoshwal, ambao ni Wajaini. Kuna Masingasinga, wengi wao Ramgarhia, ukoo wa mafundi wa chuma na mbao kutoka Punjab. Kuna Waismailia na Mabohora, ambao ni Waislamu, na kuna Wagoa, ambao ni Wakatoliki. Ukimpeleka Oshwal mezani ukampa viazi na vitunguu mbele ya bibi yake, umekosea, kwa sababu Mjaini mshika dini hali vitu vinavyong'olewa ardhini. Ukimfanya Singasinga azunguke moto wakati wa kuoana, umekosea tena. Wao huzunguka kitabu chao kitakatifu, mara nne, ndani ya gurdwara, nyumba yao ya ibada.

Hetal mfanye Mlohana. Mama na bibi hawali nyama, baba huenda anakula, lakini si nyumbani.

La pili ni historia, na hapa waandishi wengi hurudia kosa moja: kumfanya babu wa kila Muhindi kuwa kibarua wa reli. Reli ilifika ziwani Desemba 1901, wakati huo mahali hapa pakiitwa Port Florence. Wafanyakazi walioletwa kutoka Uhindi walikuwa karibu 32,000, sehemu kubwa kutoka Punjab, na wengi wao walirudi makwao mikataba ilipoisha. Wagujarati wa maduka kwa kawaida walikuja kwa nauli yao, wakiitwa na mjomba au shemeji aliyetangulia. Kijana alianza kwa kulala nyuma ya kaunta ya jamaa yake, akahesabiwa ujira miaka kadhaa, ndipo akafunguliwa duka lake Kibos, Miwani au Ahero. Hiyo ndiyo sababu deni la ukoo ni zito hivyo. Baba wa Hetal hana duka "lake". Ana duka ambalo ndugu wanne wana neno juu yake, na wawili kati yao wako Leicester, Uingereza.

Sasa hofu ya huyo baba itoke kwenye tarehe, isitoke kwenye rangi ya ngozi peke yake. Tuseme alizaliwa Kisumu mwaka 1958, na baba yake pia alizaliwa Kenya. Basi tarehe 12 Desemba 1963, siku ya uhuru wa Kenya, alikuwa raia moja kwa moja. Lakini mama yake, ambaye ndiye Ba (bibi yake Hetal) katika hadithi, alikuja kutoka Gujarat kama bi harusi, kwa hiyo alikuwa na miaka miwili tu ya kuomba uraia. Mwaka 1967 zikaja sheria za leseni za biashara na vibali vya kazi kwa wasio raia. Mwezi Machi 1968 Uingereza ikafunga mlango kwa wenye pasipoti zake wasio na mzazi au babu wa huko, ikaweka nafasi 1,500 tu kwa mwaka kwa wakuu wa familia. Agosti 1972 jamaa wa Kampala na Jinja wakapewa na Idi Amin siku 90 za kuondoka Uganda. Mtoto wa miaka 14 aliyeona magodoro ya jamaa hao yakitandikwa sebuleni kwao haitaji kuambiwa na mtu kwamba kilichojengwa kwa miaka 60 hubebwa kwa sanduku moja. Akija kukataa ndoa, hoja yake itakuwa "siku tukiambiwa tuondoke, wewe utakuwa upande gani?" Hilo ni swali la kweli, na Odhiambo lazima awe na jibu.

NyarKano:

Dada, hapo umelenga. Mimi niseme ya bomani, maana ndipo ninapoona aibu nyingi kwenye miswada.

Kosa la kwanza ni kulala. Utasoma "Odhiambo alimpeleka Hetal kwao, mama akawatandikia chumba cha wageni." Haiwezekani. Kijana mkubwa halali nyumba ya mama yake, sembuse na mke. Ana simba, nyumba yake ndogo ndani ya boma la baba. Kama hajajenga simba, hiyo yenyewe ni sura nzima: fundi wa maji wa mjini, anapanga nyumba nzuri Milimani, lakini nyumbani hana hata mabati matano. Baba yake anaweza kumwuliza, "Huyo mgeni wako utamlaza wapi?" na mazungumzo ya ndoa yakaishia hapo. Simba ya kawaida ya siku hizi ni vyumba viwili, nguzo, udongo na mabati, na mabati anajua atayanunua wapi. Mwandishi mwenye jicho atamfanya Hetal aandike ile risiti bila kujua anajenga nyumba ya nani.

La pili ni mpangilio wa ndugu. Mkubwa hutangulia kuoa. Kama Odhiambo ana kaka ambaye hajaoa, wazee watasema angoje, na kijana akilazimisha watataja chira, ile dhiki inayomfuata aliyeruka utaratibu. Usiandike chira kama uchawi. Hakuna mtu anayemroga mtu. Mtu mwenyewe amevunja mpango na matokeo yanamrudia, yeye au watoto wake. Hivyo mama mtu anayelia "msiruke" anawalinda wajukuu ambao hawajazaliwa. Hana chuki na Muhindi.

La tatu ni ayie yenyewe, hatua kwa hatua, kwa sababu watu wanaiandika kama biashara ya sokoni. Kwanza anakwenda jagam, yaani mshenga, kupeleka habari na kupokea siku. Siku ikifika, msafara unakwenda na msemaji wake. Kijana yupo lakini hajisemei, na akifungua mdomo kujadili kiasi amejidhalilisha. Binti huitwa mbele ya watu na kuulizwa kama anawajua wageni hawa na kama kilicholetwa kipokelewe. Akisema ndiyo, pesa zinakwenda kwa mama. Ng'ombe hujadiliwa na wanaume, na karibu kila mara hubaki deni. Deni hilo si kasoro. Ndilo linalofanya njia kati ya maboma mawili isiote nyasi.

Sasa sikilizeni hili, kwa kuwa ndipo msuko wa Kalamu unaweza kuvunjika. Waandishi wengi hutatua ugomvi wa mahari kwa kumfanya baba wa Kihindi apokee bahasha halafu airudishe papo hapo kwa tabasamu: "Binti yangu hauzwi, chukueni mwende nazo." Kwa Mgujarati hayo ni maneno ya heshima. Kwa Mjaluo, kurudisha mahari ndiko kuvunja ndoa. Wazee wa Kano watainuka, wavae kofia zao na kwenda. Kama unataka tukio la robo tatu ya kitabu, hilo hapo: watu wawili wenye adabu, kila mmoja akifanya jema analolijua, na ndoa inakufa sebuleni.

JaNakuru:

Swali kwa wenye kujua. Kwa nini wasiende tu kwa msajili, watie saini, mambo yaishe? Mhusika wa 2018 mwenye kazi yake atashindwa nini?

Karani_wa_Ndoa:

Ndugu JaNakuru, hawashindwi, na riwaya ikinyamaza kuhusu hilo msomaji atauliza kama wewe. Haya ndiyo yaliyomo katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, kwa yale yanayomhusu mwandishi.

Sheria inatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya serikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Ya Kihindu ni kwa wanaoishika dini hiyo, na humo wamehesabiwa pia Wajaini na Masingasinga. Odhiambo akiwa Mwanglikana wa Ahero ambaye hajabadili dini, harusi ya moto na mapandit, yaani makuhani wa Kihindu, itakuwa nzuri kwa macho, lakini cheti watakipata kwa ndoa ya serikali.

Ndoa ya serikali inataka notisi ya maandishi kwa msajili si chini ya siku 21 na si zaidi ya miezi mitatu kabla ya siku yenyewe. Mashahidi ni wawili. Ndani ya muda huo mtu anaweza kuweka pingamizi kwa maandishi, akitaja jina lake, uhusiano wake na sababu. Sababu iwe ya kisheria: mmoja tayari ana ndoa, ni ndugu wa damu, hajafika miaka 18. "Hatuutaki ukoo wake" si sababu. Kwa mwandishi, siku hizo 21 ni zawadi. Jina liko wazi, mji ni mdogo, na mtu atamwambia mtu kabla wiki haijaisha.

Jambo ambalo baba wa Hetal atalishika kwa mikono miwili: ndoa ya serikali ni ya mke mmoja. Ya kimila inahesabiwa kuwa yaweza kuwa ya wake wengi. Mzee wa duka aliyezoea mikataba atataka cheti cha kwanza kabla hajasikia habari ya ng'ombe.

Na jambo ambalo litawasaidia wote: sheria hiyo inasema pale mila inapodai mahari ili ndoa ithibitike, sehemu ndogo tu ya ishara inatosha. Kwa hiyo mwanasheria wa hadithi hawezi kusema "bila ng'ombe 12 hakuna ndoa". Wazee ndio watasema. Tofautisha sauti hizo mbili, la sivyo utamlisha msomaji sheria isiyokuwepo.

Kalamu_ya_Kibuye:

Karani, asante. Na nimjibu JaNakuru kwa upande wa hadithi. Wakitia saini kwa siri sura ya 10, usiwazuie. Hadithi haiishi hapo, inakuwa kali zaidi, kwa kuwa sasa wana cheti ambacho hakiwapi kiti katika nyumba yoyote ya wazazi. Nimeona wahariri wakishauri saini hiyo iwe mwisho wa kitabu. Mimi nasema iwe katikati.

Nyumba ya NyarKano iliyoandikiwa risiti na Hetal naichukua ilivyo.

BintiWaDukani:

Tuongee kalenda, maana hakuna mswada niliouona ulioipata sawa, na inaleta mgogoro bure bila kumtukana mtu.

Familia ya Kijaluo itataka Desemba. Ndugu wa Mombasa, Nairobi na ng'ambo wamekuja likizo, shule zimefungwa, boma limejaa. Kwa Wahindu wa Kigujarati, kuanzia katikati ya Desemba hadi tarehe 14 Januari ni Kamurta, kipindi kisichofungiwa ndoa. Rudi nyuma: kuanzia Julai hivi hadi siku chache baada ya Diwali ni Chaturmas, miezi minne ambayo pia haina harusi. Mwaka 2018 Diwali ilikuwa tarehe 7 Novemba na msimu wa harusi ukafunguka siku 12 baadaye. Kwa hiyo nafasi ya kuziridhisha familia zote mbili mwaka huo ni kama wiki tatu na nusu, tarehe 20 Novemba hadi 15 Desemba, na ndani yake pandit bado anatafuta siku na saa njema kwa nyota za maharusi. Kumbuka pia zile siku 21 za msajili kabla ya siku yenyewe. Wakichelewa kuandika notisi kwa sababu ya ugomvi wa wiki moja tu, wamepitwa hadi mwaka ujao. Msomaji atahesabu pamoja nao.

Jambo jingine ni mapokezi. Katika harusi ya Kigujarati bwana harusi akifika mlangoni na msafara wake, mama mkwe ndiye anayempokea. Tukio hilo linaitwa ponkhvu. Anampaka alama usoni, anamzungushia sinia, kisha kwa utani anajaribu kumshika pua. Watu wote wanacheka, wapiga picha wanangoja hapo hapo.

NyarKano:

Mama mkwe amshike pua mkwewe? Mbele ya wazee wa Kano? Dada, hapo umetupa dhahabu.

Kwetu mkwe na mama mkwe ni heshima ya umbali. Hawapeani mkono ovyo, hawakai kiti kimoja, hawataniani, na mkwe halali nyumbani kwa mama mkwe. Mzee wa Kijaluo akiona mama anamvuta pua kijana wao atadhani ametukanwa, na kijana mwenyewe atarudi nyuma hatua moja bila kufikiri. Andika hiyo hatua moja. Mkono wa mama wa Hetal unabaki hewani, na bangili zake zinateremka hadi kwenye kiwiko. Hakuna haja ya mtu kusema neno.

Lakini usiwaache wameumbuka. Suluhisho halisi lipo: mshenga wa upande mmoja anakaa na mjomba wa upande wa pili wiki mbili kabla, na kila tendo linasemwa mapema. Jambo lililotangazwa mapema hugeuka kuwa mila ya mwenyeji, na mgeni haivunji mila ya mwenyeji. Anayefaa kazi hiyo kwa upande wa Hetal ni kaka wa mama yake.

BintiWaDukani:

Kweli kabisa, kaka wa mama. Yeye pia ndiye anayeleta mameru, yaani mavazi, vito na zawadi za bi harusi kutoka upande wa mama, kwa hiyo tayari ana sauti. Na huyo asipokuja harusini, watu wote watajua ukoo umekataa. Kiti chake kikiwa kitupu kina uzito kuliko hotuba ya kurasa tatu.

Mwalimu_Kakamega:

Nimewafuata kimya kimya, na naomba niwapinge kidogo. Mnajenga jengo zuri, lakini sijaona mapenzi. Ukiwa na simba, ayie, Kamurta, ponkhvu, sheria ya 2014 na pasipoti za 1968, unaweza kumaliza maneno 75,000 bila Hetal na Odhiambo kuwa peke yao hata mara moja. Hapo umeandika kitabu cha mila chenye majina mawili ya watu.

Kanuni ninayowapa wanafunzi wa uandishi: katika kila sura tatu, moja iwe ya hao wawili bila mzee yeyote. Na Kisumu hilo si jambo rahisi, ndiyo maana linafaa. Wakienda Dunga kula samaki, mvuvi anamjua baba wa msichana kwa sababu alinunua kwake kamba ya nailoni. Wakienda Hippo Point jioni, kuna binamu anakimbia mazoezi. Tuktuk ina pande wazi. Mahali salama kuliko kote ni dukani kwenyewe, saa za kazi, yeye upande wa kaunta na kijana upande wa wateja, wakizungumzia bomba la inchi mbili kwa dakika 20 huku maana yake ikiwa nyingine kabisa. Majibizano ya namna hiyo yanachoma kuliko busu.

Maelezo ya mila yapunguzwe hivi: usieleze tendo kabla halijamwumiza au kumfurahisha mtu. Kanyadaan isitajwe katika sura ya 2 na msimulizi. Itajwe sura ya 14 na Ba, kwa sentensi mbili, akiwa anachambua dengu.

Sasa lugha, maana hapo ndipo wageni wa mji huu hujianika. Wahindi wakongwe wa maduka ya Kisumu wengi wanakisema Kijaluo, tena cha bei na mizaha. Basi wajomba wa Odhiambo wakiwa sebuleni wananong'onezana kwa Kijaluo kuhusu ubahili wa mwenye nyumba, huku mwenye nyumba akimimina chai na kusikia kila neno. Asiwaumbue. Awajibu dakika kumi baadaye, kwa Kijaluo safi, akiuliza jambo tofauti kabisa, kwa mfano mafuriko ya Nyando yaliacha mpunga wa nani. Hapo mzee amejenga heshima bila kuinua sauti, na msomaji amempenda kabla hajakubali ndoa.

Kwa upande wa mkwe, usimfanye Odhiambo ajifunze Kigujarati chote kwa miezi mitatu. Ajue kumsalimu Ba, kusema ameshiba, na kuvua viatu mlangoni bila kuambiwa. Inatosha.

Na sura sita au saba za mahari ni nyingi mno. Nne.

Kalamu_ya_Kibuye:

Mwalimu, nne nazikubali, mradi moja iwe ile ya bahasha inayorudishwa.

Turudi kwenye utatuzi, kwa kuwa hapo ndipo miswada hukimbia. Baba hawezi kupokea, wazee wa Kano hawawezi kurudishiwa. Njia inayosimama kwa pande zote ni kutenganisha siku na mikono. Kwanza, kinacholetwa kiwe kidogo na kiwe ayie peke yake, ambayo kwa mila ya Kijaluo yenyewe ni ya mama. Baba hagusi. Kanyadaan yake imebaki safi, na hata sheria, kama Karani alivyosema, inatosheka na ishara. Pili, mama anapokea mbele ya watu, anakaa nayo, hairudishi. Tatu, majuma au miezi baadaye, kwa siku nyingine na kwa jina lingine, familia ya Hetal inatoa zawadi zake kwa binti kama Wagujarati wanavyotoa, zenye thamani kubwa kuliko ayie. Kwa macho ya Kano, mahari imekaa. Kwa macho ya ukoo wa Leicester, mali imetoka kwa baba kwenda kwa binti. Ng'ombe? Wabaki deni. NyarKano amesema deni si kasoro.

Kinachoharibu suluhisho hili ni haraka. Ukiweka ayie na zawadi katika sura moja, inaonekana wamebadilishana bidhaa. Ziachanishwe kwa sura tatu angalau.

Nitahadharishe jambo moja. Baadhi yenu mtataka kuongeza kifo, mtu afe kabla ya mahari, na ugomvi wa kuchoma mwili au kuzika uanze. Ni kweli ugomvi huo upo: Mhindu huchomwa, Mjaluo huzikwa kwao, na mke aliyekufa bila mahari huleta kesi ya wazee kabla ya kaburi kuchimbwa. Kenya nzima inakumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986 akazikwa Nyalgunga mwezi Mei 1987 baada ya mahakama kuupa ukoo wa Umira Kager haki dhidi ya mjane wake, Wambui. Lakini kifo kikishaingia, kinameza mapenzi yote. Kitajwe kama hofu katika mdomo wa mama wa Hetal, "ukifa, binti yangu, watakuweka wapi?", na kiishie hapo.

JaNakuru:

Nimeelewa mengi. La mwisho kwangu: chakula. Hetal akienda Kano mara ya kwanza, na hali nyama wala samaki, mama wa kijana atampa nini bila mtu kuaibika? Na wazee wa Kano wakienda kwa kina Hetal?

NyarKano:

Kano hakuna shida ya mboga, ndugu yangu. Kuna osuga, apoth, dek na bo, na zikipikwa kwa maziwa, zikachemshwa taratibu na kulazwa hadi kesho yake, uchungu unaisha na nyama haikumbukwi. Zinaliwa na ugali wa mtama au wa mahindi. Shida ni sufuria. Mboga iliyopikwa kwenye sufuria ya samaki, Mhindu mshika dini ataisikia harufu kabla hajaonja. Mama mwerevu atanunua sufuria mpya na mwiko mpya Ahero, na atauacha mwiko ukiwa bado na karatasi ya bei mpaka mgeni aingie jikoni auone. Hatasema kitu. Pia atachinja kuku kwa ajili ya wengine, maana mgeni wa heshima akija bila kuku kuchinjwa, majirani watasema mama huyo amemkataa mkaza mwana.

BintiWaDukani:

Na upande wa pili: wazee wa Kano wakiketi mezani wakaona dal (mchuzi wa dengu), rotli (chapati nyembamba), shaak (mboga) ya biringanya na kadhi (mchuzi wa mtindi), bila nyama, wanaweza kudhani wamebaniwa. Kwa hiyo yule kaka wa mama aseme mapema kwa mshenga kwamba jiko la nyumba hiyo haliingii nyama hata kwa rais. Kisha wingi utoe ushahidi wa ukarimu. Sahani zijazwe tena bila kuulizwa, vitamu viletwe pamoja na chakula, visingoje mwisho, na mama wa Hetal asimame akihudumu, asikae kula na wageni. Mwandishi amwonyeshe mzee mmoja akikunja rotli ya tano. Ugali usipikwe. Wengi huuweka wakidhani ni heshima, lakini jikoni mle hakuna anayejua kuusonga, utatoka na madonge, na wazee watalazimika kuula.

NyarKano:

Na waondoke kabla giza halijaingia, Kalamu. Usije ukawalaza ghorofani juu ya duka, chini ya paa moja na wakwe zao.